Umeme wa Kisima cha Maman Nsimire

Kuna Jumamosi moja ambayo hainitoki akilini, mwanangu. Na kwa kuwa kesho unakwenda Nyantende kupeleka umeme kwenye kisima cha watu, peke yako kwa mara ya kwanza, kaa kidogo nikusimulie. Mfuko wako wa vifaa nimeuona pale mlangoni, umeshafungwa. Acha ukae hapo hapo.

Wakati huo nilikuwa na umri kama wako. Nilikuwa nimemaliza shule ya ufundi, msichana peke yangu katika darasa letu la umeme, na nilikuwa nimechoka kuulizwa na kila mtu kama kweli ninaweza. Aliyenipokea bila kuniuliza swali hilo ni Papa Deo. Alikuwa fundi mzee, mtu wa Bagira, aliyewahi kuangalia mitambo ya kiwanda cha majani ya chai miaka mingi kabla ya kuanza kujitegemea. Alikuwa na maneno machache. Tukifika kwenye nyumba ya mtu, kabla hajafungua hata skrubu moja, aliuliza watoto wanachezea wapi na wanawake wanaoshea vyombo wapi. Mimi nilidhani ni mazungumzo ya kizee tu, ya kumfurahisha mwenye nyumba. Nilichelewa sana kuelewa.

Katika nyumba tulizokuwa tumefanyia kazi kulikuwa na ya Maman Nsimire, mjane mfanyabiashara wa maharagwe. Marehemu mumewe alikuwa amechimba kisima chini kabisa ya parseli yao, kiwanja chao chote, pale mteremko unapoishia, na watoto walipanda na bidoni za maji kila siku hadi jikoni. Papa Deo na mimi tuliweka pompa ndani ya kisima, tukavuta waya chini ya ardhi kutoka nyumbani, na maji yakaanza kupanda hadi kwenye robine, ile koki ya maji, iliyokuwa katikati ya ua. Siku ile Maman Nsimire alifungua robine, akafunga, akafungua tena, kisha akaingia ndani. Baadaye niliambiwa alikwenda kulia.

Miezi ikapita. Mvua zikaanza, na diferansieli ikaanza kuanguka, yaani kujizima. Wewe unaijua, ni kile kifaa kwenye sanduku la umeme kinachokata chenyewe umeme ukivujia pasipotakiwa. Kila pompa ilipowashwa, tak, giza. Maman Nsimire akanipigia simu mimi, kwa sababu Papa Deo alikuwa amekwenda Luhwindja kwenye msiba wa ndugu yake.

"Furaha, mwanangu, unisaidie," akasema. "Jumamosi bageni banakuya kwa mahari ya mutoto wangu. Nitapikia batu wote bale na maji gani?"

Nikaenda Alhamisi. Nikakagua pompa, ilikuwa nzima. Nikakagua sanduku, lilikuwa zima. Kilichobaki ni waya uliolala chini ya udongo, na kuutafuta kulimaanisha kuchimba ua mzima ambao ulikuwa umeshafagiliwa na kupangwa kwa ajili ya turubai. Maman Nsimire alikuwa amesimama nyuma yangu. Binti yake naye amesimama. Majirani wawili wamesimama. Nikaona aibu ya kusema sijui.

Basi nikachukua bisibisi, nikazitoa zile waya kwenye diferansieli, nikaziunganisha moja kwa moja bila kuipitia. Nikawasha. Pompa ikanguruma, maji yakatoka kwa nguvu. Wanawake wakapiga vigelegele, na jirani mmoja akasema, "Huyu mutoto mwanamuke iko na akili kuliko bale banaume bote." Mwanangu, nilitembea hadi barabarani kama mtu aliyepewa cheo.

Jumamosi nikaalikwa, si kama fundi, kama mtoto wa nyumbani. Papa Deo naye alikuwa amerudi, akaja na koti lake la kahawia la kwendea misa. Nilimkimbilia kumsalimu. Akauliza habari, kisha akauliza, "Nasikia pompa ilikuwa na shida. Ulipata nini?"

"Nimeitengeneza, Papa."

"Nasikia. Ulipata nini?"

Akanitazama kidogo tu, akaingia ndani ya nyumba. Nilimfuata. Alifungua kifuniko cha sanduku, akaziona zile waya. Hakugeuka kunitazama. Alikata umeme wa pompa, akachomoa fuzi, akaitia mfukoni mwa koti. Nje, wageni wa upande wa bwana harusi walikuwa wameanza kuteremka kwenye magari.

"Twende kwa mwenye nyumba," akasema.

Tulimkuta Maman Nsimire karibu na jiko, amevaa pagne mpya ya kitenge, masufuria ya mchele na nyama yamepangwa mbele yake. Papa Deo alimsalimu kwa heshima, akamwambia, "Maman, maji imekatika. Ni mimi niliyeikata. Furaha atakuambia sababu."

Nilidhani angesema yeye. Nilisubiri. Naye alisubiri, mikono nyuma, kama mtu aliye na siku nzima. Basi nikasema. Nilisema kwamba kile kifaa kilikuwa kinaanguka kwa sababu umeme unavuja mahali fulani chini ya ua, kwamba sikupatafuta, kwamba nilikitoa ili kisianguke tena. Maman Nsimire alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akageuza kichwa kuelekea robine, ambapo wasichana watatu walikuwa wanaosha sahani, wamesimama kwenye tope bila viatu.

"Toka Alhamisi," akasema, "batoto bangu biko pale."

"Ndiyo, Maman."

Akawaita watoke pale. Hakupandisha sauti. Lakini uso ule alionitazama nao, nikuambie ukweli, ningependelea kofi.

Sasa sikiliza jambo ninalolisifu hadi leo. Papa Deo alivua koti lake, akalitundika kwenye kilango cha jiko, akakunja mikono ya shati. Akaomba ndoo na kamba. Akateremka mwenyewe hadi kisimani, mzee wa miaka karibu sabini, akaondoa kifuniko na kuanza kuchota. Mimi nikapandisha bidoni. Akachota, nikapandisha. Wageni wamekaa chini ya turubai, hotuba zinaendelea, na sisi tuko kwenye mteremko na maji. Mzee mmoja wa upande wa bwana harusi alitoka kwenye kiti chake akaja kuuliza kuna nini. Papa Deo akamjibu, "Hakuna kibaya, muzee. Umeme iko na shida kidogo, tunachota kama zamani." Yule mzee akacheka, akavua koti lake pia, akashika kamba. Chakula kikaiva. Hakuna aliyeondoka na njaa, na hakuna aliyejua kosa lilikuwa la nani isipokuwa mimi na wale waliopaswa kujua.

Asubuhi yake, baada ya misa, tulirudi kuchimba. Tulichimba kuanzia nyumbani, polepole, Papa Deo akitangulia na mimi nikifuata. Tulipofika karibu na robine akasimama. Mtu alikuwa amepanda vitunguu pembeni pale, na jembe lilikuwa limechubua waya hadi shaba ikaonekana. Udongo wote ulikuwa umelowa maji ya kuoshea vyombo. Kutoka hapo hadi waliposimama wale wasichana palikuwa hatua moja, tena ya mtoto.

Nilikaa chini kwenye udongo. Papa Deo akakaa pembeni yangu, akasema:

"Kile kifaa kilikuwa kinafanya kazi yake vizuri. Kila siku kilikuwa kinakuambia kuna hatari. Wewe ulitaka kinyamaze."

"Kwa nini hukumwambia wewe, Papa? Kwa nini uliniacha niseme mimi?"

"Kazi ilikuwa yako. Na maneno ya kuieleza ilikuwa yako."

Halafu akasema jambo ambalo sikulitegemea. Akasema waya ule alikuwa amekubali tuulaze juu juu mno, kwa sababu siku ile ya kwanza mgongo ulimuuma na akataka tumalize. Alikwenda kumwambia Maman Nsimire vilevile, mbele yangu, kwa maneno hayo hayo, bila kujitetea. Fundi wa umri wake, mwanangu, ambaye kosa lake hakuna mtu angelijua.

Tuliutoa waya wote. Tulichimba mfereji mpya hadi mapajani, tukauelekeza mbali na robine na mbali na bustani, tukapitisha waya mpya mzima, usio na kiungo hata kimoja, ndani ya bomba la plastiki, tukaweka mchanga, tukapanga matofali juu ili jembe liyakute kwanza. Diferansieli ikarudi mahali pake. Nilipowasha, haikuanguka.

Maman Nsimire hakunisamehe siku ile. Alinijia wiki mbili baadaye, nilipokuja kukagua, akasimama mbele ya sanduku na kusema, "Nionyeshe na mimi." Nikamwonyesha kile kitufe kidogo cha kujaribia, kwamba ukikibonyeza ni lazima kifaa kianguke, na kisipoanguka uite fundi. Mama huyo hakuwa amesoma zaidi ya shule ya msingi. Lakini tangu siku hiyo, kila mwanzo wa mwezi alikibonyeza mwenyewe, na akawafundisha majirani zake wote wenye pompa. Nimeona mainjinia wasiofanya hivyo.

Sasa nisikilize, mwanangu. Kesho watasimama nyuma yako. Watakuwa na haraka, watakuwa na wageni au na kiu, na watakusifu ukiwapa maji upesi. Ukiwa hujui, sema hujui. Aibu yake inaisha jioni. Kifaa cha usalama kikikata, usishindane nacho, tafuta kinachokisumbua, hata kama itabidi uharibu ua uliofagiliwa. Uliza watoto wanakanyaga wapi kabla ya kuchimba. Na ukikosea, maana utakosea, nenda kwa mwenye nyumba kwa miguu yako na useme kwa kinywa chako, usimtume mtu wala usisubiri mzee akusemee.

Mungu aitangulie mikono yako kila inaposhika waya. Akupe subira ya kuchimba na ujasiri wa kusimama. Nyumba zote utakazoingia, watu wake wapate maji, wanywe, waoge, walale salama, nawe urudi nyumbani mzima. Nenda na amani.