Hodi ya Kuazima Gauni

Siku za Mwingereza, Kinondoni yetu ilikuwa bado na mashamba ya mihogo kati ya nyumba na nyumba, na wanawake wake hawakuwa na desturi ya kununua kila mtu nguo yake ya harusi. Nguo zilitembea. Gauni moja la satini ungeliona leo kwa mwenyewe, harusi ijayo kwa wifi yake, na ile inayofuata kwa jirani wa wifi. Ukialikwa, ulipita kwa mashoga zako ukibisha hodi, ukafunguliwa sanduku, ukachagua. Ukishalivaa unalifukiza udi, unalirudisha likinukia, na mwenyewe naye siku yake ikifika anakuja kwako. Hivyo ndivyo walivyopendana.

Mie sikuwamo katika mapenzi hayo. Nilikuwa mnene. Sisemi “mwili kidogo” kama wanavyosema wenye adabu zao. Nilikuwa mnene wa kujaa mlango, tangu uzazi wangu wa pili, na Kinondoni nzima hapakuwa na gauni ambalo lingevuka mabega yangu. Kwa hiyo sikubisha hodi kwa mtu, wala hakuna aliyebisha kwangu. Aje kuazima nini, shuka la kitanda? Harusini nilijifunga kanga zangu, nikaenda moja kwa moja uani kwenye masufuria, nikasifiwa pilau. Mtu anaweza kusifiwa pilau mpaka akauchukia mchele.

Basi shoga yangu mmoja, niliyechezwa naye unyago, akawa anamwoza bintiye. Nikasema safari hii sikai uani. Nitaingia ndani na wenzangu, nitasimama kwenye mstari, nitacheza, nami nimevaa gauni. Nilimweleza mume wangu, aliyekuwa akifanya kazi reli.

“Nenda Uhindini,” akasema. “Huko hakukosekani kitu.”

Hakukosekani kitu! Wanaume bwana.

Nilimchukua mke wa kaka yangu anisindikize, tukashuka Magomeni, tukavuka bonde la Msimbazi, mpaka kwenye maduka. Duka la kwanza sikuwahi hata kutoa salamu. Mwenye duka alininyanyulia macho, akayateremsha, akayapandisha.

“Hapana, mama. Yako hapana.”

“Yangu ipi? Nimekuja kununua uzi,” nikamwambia, nikanunua uzi ambao sikuuhitaji, nikatoka na hasira zangu.

Duka la pili ndilo lililoniponza. Magauni ya tayari yalikuwa yametundikwa juu kamba nzima, na moja lilikuwa la satini, rangi ya zambarau, lina mikono mifupi ya kuvimba. Nililipenda vibaya. Kitu nilichokitamani zaidi si hata rangi yake. Ni kule kulitungua tu kwa upondo wa mwenye duka, ukalitia mwilini, ukaenda zako. Nikaomba nilijaribu. Mwenye duka akakuna kichwa, akamwita mkewe, naye akanipeleka nyuma ya majora ya vitambaa.

Kichwa kilipita. Mkono wa kulia ukapita. Wa kushoto ukafika kwenye kiwiko, ukakataa, na nilipotaka kurudi nilikotoka, gauni nalo likakataa. Nikabaki nimeinua mikono juu, sioni, natokwa jasho, nasikia mshono ukilia tik. Wifi yangu alikuwa hajiwezi kwa kicheko. Yule mama wa Kihindi alinivuta pole pole, huku na huku, mpaka nikatoka. Mwenyewe alikuwa mnene vilevile, lakini sari yake ilimzunguka raha mustarehe na ikabaki nyingine ya kutupia begani. Nilimtazama kwa wivu wa wazi. Akanishika mkono, akasema kwa Kiswahili chake:

“Sisi, mama, nguo yetu iko bado kwa jora.”

Akaniteremshia jora la satini ileile, zambarau ileile, akanikatia. Mumewe akasema hiyo ni ya magauni mawili. Mkewe akamwambia neno moja kwa Kigujarati, mume akarudi kwenye daftari lake.

Nje, barazani mwa duka, alikaa fundi na cherehani yake. Fundi wa heshima hamshiki mwanamke wa watu. Utepe anaupitisha uliyekuja naye, na fundi anauliza kwa mbali. Sasa utepe ulipofika nyuma yangu ukaisha. Wifi yangu akasema ajuavyo yeye kusema, kwa sauti ya kuita mbuzi:

“Fundi, umekwisha! Tuunge na nini?”

Mtaa mzima ukageuka. Mchukuzi mmoja akasimamisha mkokoteni aangalie kilichokwisha. Nilimkata jicho hilo, akaondoka. Fundi, Mungu ampe heri, hakucheka. Alitupatia kamba, wifi akanizungushia, fundi akaifunga fundo, akaiweka mfukoni.

Gauni lilipokuja nyumbani niliingia nalo chumbani, nikalivaa, likapita. Likapita kila mahali! Kioo tulichokuwa nacho ni kile cha kunyolea ndevu. Nilikipeleka begani, nikaona bega. Nikakipeleka kiunoni, nikaona kipande cha zambarau. Mwili mzima sikuupata. Nikalitundika msumarini, nikawa naingia kulitazama kila nikipata nafasi, na moyo unanienda mbio kama mwari mwenyewe ni mie. Harusi ilikuwa Jumapili jioni.

Jumamosi asubuhi nikasikia hodi. Alikuwa mke wa karani, watu wa bara, Wakristo, waliohamia karibuni nyumba ya mwisho kuelekea barabarani. Alikuwa mdogo kwangu kwa umri. Kwa mwili, tulikuwa pacha. Nilishawahi kumwona kwa mbali nikajisikia kama nimeona ndugu, lakini hatukuwa tumezoeana.

“Shikamoo, dada.”

“Marahaba, karibu.”

Alikaa ukingoni mwa kiti, anafinyanga kanga yake. “Dada, kesho tunambatiza mtoto. Maduka nimezunguka, sijapata. Nawaona wenzangu wa hapa wanaazimana nguo, mimi sina wa kumwendea. Nikasikia wewe una gauni. Ibada ni asubuhi. Mchana nitakurudishia.”

Nilitaka kukataa. Niseme kweli, jibu la kukataa lilikuwa limeshafika mdomoni. Gauni langu mwenyewe sijalivaa hata mara moja! Lakini nilikuwa nimekaa miaka na miaka nikisikia hodi zikibishwa kwa jirani wa kulia na jirani wa kushoto, masanduku yanafunguliwa, watu wanacheka, na hii ndiyo hodi ya kwanza kuja kwangu. Nikamwambia ngoja. Nikaingia chumbani, nikalitungua gauni msumarini, nikalikunja, nikalitia sandukuni, nikalibeba sanduku zima mpaka mbele yake, nikalifungua hapo. Nilitaka iwe kama inavyokuwa kwa watu.

“Chagua,” nikasema. Lilikuwamo moja tu. Tulicheka mpaka akatoa machozi.

Jumapili asubuhi nilisimama mlangoni nikamwona akipita kwenda kanisani, mtoto begani, mumewe nyuma. Jua lilikuwa linapiga ile satini. Mikono ilivimba vizuri, mgongo umekaa sawa, pindo linacheza kwenye miguu yake. Wanaume waliokaa kibarazani wakampisha njia kwa heshima. Nikajua sasa ndivyo ningeonekana, jambo ambalo kile kioo hakikuweza kuniambia, na nikaona kumbe sisi ni watu wazuri. Nilisimama pale hata baada ya yeye kupinda kona.

Alasiri ndipo akaja mbio, anahema, amebeba beseni kichwani.

“Nimelifua, dada! Kwetu hatumrudishii mtu nguo ina jasho letu. Nimelisugua vizuri kabisa.”

Sisi wa pwani tungelipitisha juu ya udi, likavaliwa jioni ileile. Yeye alifanya ya kwao, kwa heshima yote, na gauni langu lilikuwa ndani ya beseni limejikunja, linatona maji. Aliniangalia kama mtoto anayengoja kusifiwa. Harusi sikumtajia. Nilimshukuru, nikalianika, na kila baada ya muda kidogo nilitoka kulipapasa. Jua likashuka, nalo lingali limelowa chepechepe.

Nikajifunga kanga zangu, nikaenda. Nikapita uani kwenye masufuria, mahali pangu palepale. Ngoma ilipoanza ndani nilikuwa nimeshika mwiko, na roho iliniuma, sitasema uongo. Shoga yangu, mama wa bibi harusi, akatoka kunitafuta.

“Mwenzangu, si uliniambia una gauni jipya? Liko wapi?”

“Limeazimwa,” nikasema.

Nililisema kwa ule uvivu wa siku zote wa wenye magauni, huku nakoroga, kama mtu ambaye nguo zake huwa hazikai nyumbani. Wanawake wa jikoni wakanyanyua vichwa. Mmoja akauliza, “Na nani?” Nikasema, “Jirani tu.” Sijawahi kusikia raha ya neno kama siku ile.

Haikupita muda karani akahamishwa, serikali ikampeleka bara huko, na mkewe akaja kuniaga, tukashikana kwa nguvu. Sikumwona tena. Tangu hapo gauni nimelivaa harusi nyingi, nimesimama mstarini, nimecheza, na linanikaa vyema. Lakini mtu wa kuliazima hajatokea. Watoto wangu wa kike wametoka wembamba kama baba yao.

Hata sasa nikisikia kuna harusi mtaani, nalitungua msumarini kabla ya siku, nalikunja, nalitia sandukuni, kisha nakaa karibu na mlango.