Nywele za Mama Zama za Vita vya Majimaji

Mama yangu alikuwa na nywele nyingi, nzito, na mwenyewe alijua. Kijijini kwetu, upande wa Chumbi, akienda mtoni aliiacha kaniki aliyojitanda kichwani iteleze mabegani, na wenzake wakamtania kwamba leo tena anatembeza shamba lake.

Aliyemsuka ni bibi, mama yake baba, mwanamke wa milima ya Umatumbi, mkali wa maneno na mwepesi wa vidole. Wawili hao waligombana kwa kila kitu: chumvi, kuni, hata namna ya kunilea mimi. Lakini mama akishaketi chini, kichwa katikati ya magoti ya bibi, na bibi akishaanza kumchana na kumpaka mafuta ya ufuta, ugomvi uliisha. Walizungumza taratibu kama mtu na dada yake. Nilizipenda sana saa hizo, maana nami sikutumwa kokote.

Vita vilipofika kwetu, baba alikunywa ile dawa ya maji, iliyosemwa hugeuza risasi kuwa maji, pamoja na wanaume wengine, akaondoka. Askari wa Mjerumani wakaja wakachoma maghala ya mpunga. Tukakimbilia porini, tukaishi kwa kuchimba ming'oko, na mizizi hiyo nayo ikawa adimu. Njaa ilimkondesha mama, kisha ikazigeukia nywele. Zikawa nyekundu, zikakatika. Alizifunika kutwa na hakumruhusu mtu kuzigusa, hata bibi. Mabutu aliyosukwa kabla hatujakimbia yalibaki yanachakaa humo ndani ya kaniki.

Tuliporudi kujenga upya, wanaume walirejea mmoja mmoja. Baba hakuwamo. Kaka yake mkubwa alisema amekwisha kufa na mama afumue nywele, akae eda kama wajane wengine. Mama alikataa. Hakuna aliyeiona maiti, alisema.

"Nikifumua, nitakuwa nimemzika mimi."

Maneno yakawa mengi. Mwishowe baba mkubwa akasema kazi hiyo ni ya bibi, kwa kuwa ndiye mzazi wa marehemu. Bibi alichukua chanuo lake, akaketi kizingitini, akamwita mama. Mama alikwenda, maana hakuwahi kumwasi mkwewe mbele za watu. Bibi alifumua butu moja baada ya jingine, nywele zikimbakia mkononi, na mama alilia bila sauti. Alipomaliza, akamchana polepole, akaanza kumsuka upya.

Baba mkubwa akamuuliza anafanya nini.

"Zilikuwa zimechakaa," bibi akasema. "Mwanangu akirudi asimkute mkewe hivi."

Hakurudi. Baadaye alikuja mtu wa Mloka aliyemzika kwa mikono yake, akatueleza mahali. Siku hiyo hakuna aliyemwambia mama afumue. Alifumua mwenyewe, na bibi akamsaidia za kisogoni. Walilia pamoja, wamejifunika kaniki moja.

Eda ilipokwisha, mama aliendelea kujifunga kichwa. Alisema asukwe kwa ajili ya nani, na kichwa chenyewe kimebaki kama shamba lililoliwa na nguruwe. Bibi alikuwa anapepeta mtama. Akaweka ungo chini.

"Kabla hujaolewa na mwanangu hukuwa nazo? Keti hapa."

Mama akaketi. Zilikuwa chache, vidole vya bibi vilihangaika kuzikamata, wakaanza kucheka, kwanza mama, kisha wote wawili. Kesho yake mama alikwenda mtoni kichwa wazi.

Zilikuja kuota vizuri, ingawa si kama zamani. Miaka ilipopita, mkulima mmoja mpole alimposa, na asubuhi ya ndoa bibi ndiye aliyemsuka, akivuta kwa nguvu hata mama akalalamika. Baba mkubwa alitaka kumpeleka bibi milimani kwa nduguze. Bibi alifunga mkeka wake akahamia nasi, na mume mpya wa mama akazoea kumwamkia kama mama yake mzazi.