Ng'ombe Aliyepotea Redioni

Nilipooa kijijini Masakta, baba mkwe hakunipenda, wala hakunificha. Mimi ni mtu wa Mbeya, mwalimu wa shule ya msingi, sina hata mbuzi, na yeye alitarajia binti yake mkubwa aolewe na mwenye zizi. Nikimwamkia, marahaba yake ilitoka kama mtu anayetema ganda la alizeti.

Kilichotupatanisha ni redio. Kila Jumapili baada ya ibada alisikiliza kipindi cha muziki wa kantri, magitaa ya Wamarekani wa zamani, na hakuelewa hata neno moja. Siku moja akaniuliza, "Mwalimu, huyo anasema nini?" Mwimbaji alikuwa mmoja wa wale wa mwanzo kabisa. Sauti yake ilipanda juu ghafla, ikashuka, ikapanda tena, vile wachungaji wanavyoitana bondeni. Kiingereza changu ni cha kufundishia darasa la tatu, nilishika neno moja kati ya kumi.

"Anaita ng'ombe wake aliyepotea, baba."

Mzee akavuta kigoda karibu na chake. "Kaa hapa."

Mtangazaji alimpenda mwimbaji yule, hakukosa kupiga nyimbo zake kila wiki. Kwa hiyo kila wiki nikaongeza kidogo: leo mwenye ng'ombe ameona kwato, leo amevuka korongo, leo majirani wamemdanganya. Mzee aliuliza, "Alipatikana?" Nami nikajibu, "Bado, baba." Sikuwa mjinga. Ng'ombe akipatikana, kigoda kinarudi ndani.

Mwaka ukapita hivyo. Kisha mdogo wa mke wangu akaolewa na tabibu wa zahanati, mtu wa Bukoba aliyepangiwa kazi Basotu. Mrefu, mpole, Kiingereza kinamtoka kama maji. Watu wote walimwita daktari. Mama mkwe alimpokea kwa ule msemo wa mgeni njoo, mwenyeji apone, msemo ambao hakuwahi kunisemea mimi. Daktari akaingia na kilo mbili za sukari, akaketi kwenye kigoda changu. Hakujua kwamba ni changu, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Mtu akikuonea kwa makusudi, angalau unaweza kugombana naye.

Wimbo ukaja. Kabla sijafungua mdomo mzee akamgeukia mgeni. "Daktari, wewe unasikia anasemaje?"

Akasikiliza, ameinamisha kichwa. Akasema mtu huyu alikuwa mfanyakazi wa reli, aliugua kifua kikuu zamani kabla dawa hazijapatikana, na hapa anauimba ugonjwa wake mwenyewe. Alipokaribia mwisho alikwenda kurekodi, wakamtandikia kitanda pale pale studio. Akimaliza wimbo analala, anakohoa, anainuka, anaimba mwingine. Hazikupita siku nyingi akafa.

"Na ng'ombe?" mzee akauliza.

Daktari akanitazama. "Ng'ombe sijamsikia, baba."

Nilitamani ardhi inimeze. Mzee alikohoa, kikohozi kile kile nilichokisikia mwaka mzima, ambacho kazi yangu ilikuwa kusubiri kiishe ili niendelee na hadithi. Kisha akauliza, "Siku hizi dawa ipo?"

"Ipo, baba, bila malipo. Kwanza tunapima makohozi."

Jumatatu alikwenda, yeye aliyewakatalia mkewe, binti zake na mchungaji wa kanisa walipomsihi akapime. Wakakuta ni kifua kikuu.

Nilifurahi kwamba kimegundulika, sitasema uongo mwingine. Lakini wivu ulinikereketa. Nilivionea wivu vidonge. Niliona wivu daktari alipompima uzito na mzee akatangaza kilo zake kwa majirani. Mke wangu aliniuliza jikoni, "Wewe unataka baba apone, au unataka umponye wewe?" Jibu nilikuwa nalo, na halikuwa zuri.

Miezi sita mzee alimeza dawa, na miezi sita mimi nilikaa kwenye benchi la mlangoni nikimtengenezea yule ng'ombe mwisho. Niliupata, na ulikuwa mzuri: hakupotea wala kuibwa, alikwenda kichakani kuzaa, na mwenyewe anamkuta amesimama anamlamba ndama. Nilimwambia mke wangu tu. Nilingoja kuulizwa.

Jumapili baada ya kidonge cha mwisho, wimbo ukapigwa. Mzee akageuka, akanitafuta mimi, uso umejaa utani. Alijua siku nyingi kwamba nilimdanganya. "Mwalimu. Yule ng'ombe hakupatikana mpaka leo?"

Nikakohoa kidogo kusafisha koo.

"Alipatikana, baba," daktari akasema kwa upole wake, akanikonyeza kama mtu anayemsaidia ndugu yake. "Alikuwa amejificha kichakani, amezaa."

Mke wangu na mdogo wake hawafichani siri, wanaambiana kila kitu.

Mzee akacheka, akajipiga mapaja, akacheka tena, kifua safi, bila kukohoa hata mara moja. Nyumba nzima ikacheka naye. Na mimi nikacheka, pale pale kwenye benchi la mlangoni.