Kitambaa Nilichokifungua Kisiwani

Wewe cheka tu, nimezoea. Shemeji yangu Komora alikuwepo, na yeye hacheki.

Kazi yangu ni kuwaonyesha wageni ndege. Mwezi wa kumi, ndege wa Ulaya wakikimbia baridi wanatua huku kwetu Tana, na kabla wageni hawajafika Garsen mimi hutangulia kuangalia ndege wametua wapi. Asubuhi hiyo Komora alinivusha kwa mtumbwi hadi kisiwa kidogo cha mtoni, chini ya kijiji cha Wema, kisha akarudi shambani. Mwanangu wa kunyonya nilimwacha nyumbani na bibi yake.

Sasa shika hili. Huku kwetu anayetaka kuvushwa hufunga nguo kwenye kijiti ukingoni. Mpiga kasia akiiona, lazima aje. Ukipanda unafungua nguo yako, maana nguo ikibaki, kuna mtu amebaki.

Kisiwani nilikuta kijiti tayari kina kitambaa, kimechakaa hata rangi hakina. Nikaona ni uchafu tu. Nikakifungua, nikakitupa majanini, nikafunga leso yangu. Na ndege walikuwepo, wallahi: korongo, vitwitwi, keremkerem juu ya matete. Nikajisahau mpaka maziwa yakaanza kuniuma kifuani, nikajua alasiri imefika.

Kugeuka, naona mama mmoja amekaa karibu na kijiti, kanipa mgongo. Alikuja na nini? Mtumbwi sikuuona. Nikamsalimu.

"Una mtoto mchanga," akasema bila kugeuka. "Anaitwa nani?"

Sikumjibu. Nani humpa mtu asiyemjua jina la mtoto? Akainuka, akaifungua leso yangu taratibu, akajitanda.

Komora akatokea. Nikakimbilia ukingoni, lakini yeye akamtazama yule mama, akasema, "Shemeji, panda, jua linaondoka." Nami nimesimama pale pale. Niliita, sauti haikutoka. Nilitaka kupanda, miguu ikagoma kama imenaswa kwenye tope, na tope halikuwepo. Wakaondoka. Niamini, sijawahi kuogopa vile. Maji yana mamba, simu haina mtandao, na mtu mwingine anakwenda kumnyonyesha mwanangu.

Ndipo nikakumbuka kile kitambaa. Kurudi nyuma miguu ilikubali. Nikakisaka majanini huku nalia, nikakipata, nikakifunga tena kwenye kijiti. Komora akatazama nyuma, kama wapiga kasia wote wanavyofanya wakiacha ukingo. Akaiona nguo, akageuza mtumbwi.

Alipofika, ndani mlikuwa na leso yangu tu, imelowa. Nikapanda. Kitambaa nilikiacha kilivyo, na tulipokuwa katikati ya maji nilimwona yule mama amekaa pale pale, anatazama ndege.

"Njiani ulikuwa unaniuliza jina la mtoto," Komora akasema. "Nikadhani unanitania."

"Ukanijibu?"

Akainamia kasia lake, akazidi kupiga maji.

Mtoto tulimpa jina jingine siku hiyo hiyo. Lakini kila ndege wanaporudi, alasiri mtu huita kutoka ng'ambo, jina lile la kwanza, kwa sauti yangu mimi. Mwanangu sasa anatembea. Akisikia huacha mchezo, akaanza kuelekea mtoni, nami humfunga leso kiunoni nikamshikilia mpaka jua lizame.

Kwa hiyo ukikuta nguo ya mtu ukingoni, iache. Na huyu mwanangu akija kukusalimu, tafadhali, usimuulize anaitwa nani.