Neno Kuhama Pale Ngagara

Harufu ya godoro la pamba lililolowa mkojo, likianikwa juani asubuhi, hunirudisha mtaani kwetu Ngagara, wakati wa vita. Mkojo ulikuwa wa Deo, mdogo wangu. Siku hizo, risasi zikianza kulia, watu wa mtaa wetu walikwenda kulala kwa ndugu zao na mkeka na sufuria, na kukipambazuka walirudi. Kuhama lilikuwa jambo jingine kabisa. Aliyehama alibeba godoro, na katika magodoro yote niliyoyaona yakiondoka, sikuona hata moja likirudi. Nyumbani kwetu neno hilo halikutamkwa; mama alilikatiza hata midomoni mwa wageni.

Asubuhi moja baba alilifunga godoro la Deo nyuma ya baiskeli, alipeleke kwa fundi likabadilishwe pamba. Jirani yetu, mama wa Shantali, akamuuliza kama tunahama. Baba, karani wa serikali mwenye tai na kiburi chake, aliona aibu kutaja mkojo. Alisema tu kwamba atarudi, akaondoka zake. Basi ikawa balaa, maana wote waliohama walisema vivyo hivyo. Kabla ya adhuhuri mapazia ya kina Shantali yalikuwa yameshushwa, na nyumba mbili za mbele yetu zilikuwa zikifunga vyombo. Mama alieleza mpaka sauti ikamkauka, wakadhani anaficha. Shantali, rafiki pekee niliyebaki naye pale mtaani, alinipa kamba yake ya kuruka nimtunzie. Nililia kama mtu aliyefiwa.

Alasiri baba alirudi na godoro lake, akakuta masanduku yamejaa barabarani. Alisimama kidogo, akalifungua, akalitandika katikati ya njia, akalala chali na tai yake na viatu vyake.

“Mi siendi fasi yoyote,” akasema. “Ni mutoto anakojoa, basi.”

Mama wa Shantali alicheka, akaketi juu ya sanduku akalia, kisha akacheka tena. Jioni ile mapazia yalirudi dirishani, nami nikala chakula cha watu wawili. Deo alinuna wiki nzima kwa kutangazwa.

Mwaka jana nilijenga nyumba kule Kajaga, nikapakia vyombo vyangu kwenye lori mchana kweupe. Majirani walinisindikiza kwa utani, na hakuna aliyekimbilia kwake kushusha mapazia. Mama, ambaye sasa ni mzee, alikaa mbele kwa dereva, kioo kikiwa wazi, akimwambia kila tuliyempita njiani, “Mutoto wangu anahama.”