Albamu zangu bora za punk mwaka huu, na jinsi moja ilivyolipuka katikati ya sala siku ya kupokea wakwe Kariakoo

Wakuu, poleni na joto la mji wetu.

Kila mwisho wa mwaka huwa naleta humu orodha ya albamu zangu bora za indie na punk. Wanaokomenti ni wale wale, na mmoja kila mwaka ananiuliza kama kichwani niko sawa.

Mwaka huu nimechelewa, na sababu ya kuchelewa ndiyo huu uzi. Yamenikuta mimi mwenyewe, mashahidi wote wako hai na wanakula vizuri.

Kwa wasionijua: mimi ni mtu wa Rombo, nauza mapazia Kariakoo, naishi ghorofa ya tatu juu ya maduka ya vyombo. Nakusanya santuri, zile sahani nyeusi za muziki. Sio za kale, nanunua mpya. Bendi za punk huko nje bado zinatoa albamu kwa santuri, na zangu zinakuja na mzigo wa vitambaa, zimefungwa katikati ya majora ili zisivunjike.

Kwa wasioijua punk: chukua gitaa lisilo na amani, ngoma zinazokimbizwa na mgambo, halafu mtu anaimba kama mpiga debe aliyeibiwa simu. Wimbo dakika mbili umeisha. Indie ni binamu yake aliyesoma, yeye analia taratibu.

Basi. Mwaka huu nilikuwa na albamu nne fainali, na wakati huo huo nilikuwa na posa mezani.

Mchumba wangu anaitwa Witness. Kwao asili ni Masasi, ila wazazi wanaishi Buguruni. Barua ya posa ilishapelekwa, majibu hayaji. Kila nikiuliza, Witness ananiambia, "Subiri, baba bado anafikiria."

Baba Witness ni mstaafu, miaka mingi alikuwa opareta wa winchi bandarini. Nilishaonana naye mara mbili na zote nilitoka nimenywea. Nilimwamkia shikamoo, akaangalia dirisha. Nilipoanza kumweleza biashara yangu ya mapazia, akanyanyuka akaenda kuangalia kuku.

Nikajua mzee hanitaki. Nikawaza labda ni kabila. Nikawaza labda ni sura. Nilinyoa hadi ndevu, wakuu.

Halafu ikaja habari kwamba mzee anataka kuja kuona ninapoishi kabla hajajibu barua. Sasa kwa kawaida upande wa mwanaume ndio unaenda ukweni, lakini mtu anayekuachia shikamoo hewani utabishana naye vipi.

Baba yangu mguu ulikuwa unamsumbua, na mama hakuweza kumwacha. Nikampigia shangazi yangu, Shangazi Manka, aje Dar awe mwenyeji. Huyu mama ni kiongozi wa kwaya huko nyumbani, ana sauti ya kuita watu kutoka kijiji cha pili bila simu.

Akaniuliza kwenye simu, "Hapo ulipo unafanya nini?"

"Napanga sahani zangu, shangazi."

"Kwani unazo nyingi?"

"Zimejaa kabati, nyingine ziko chini ya kitanda."

"Vizuri. Basi mimi naleta chakula tu."

Akaja na mkungu wa ndizi, maharage, na kuku wawili wazima wazima ambao walilala bafuni kwangu mpaka siku yao ilipofika.

Siku za kwanza nikiweka santuri alikuwa anatoka jikoni ananiambia, "Zima hiyo. Huyo mtu anaumia." Nikawa nazima. Lakini mchana nikiwa dukani alikuwa anabaki peke yake na hana wa kuongea naye zaidi ya kuku. Jioni moja nikarudi, nikaweka muziki kwa sauti ndogo, nikamchungulia jikoni. Anapepeta mchele, ila ungo umesimama hewani. Anasikiliza.

"Huyo dada sauti anayo," akasema. "Ila pumzi anazimalizia mwanzoni. Nani anamfundisha?"

Kuanzia hapo nikawa na jaji. Bendi nyingi kati ya hizi majina yake siwezi hata kuyatamka, kwa hiyo sisi wawili tulikuwa tunaziita kwa picha ya kwenye kava.

Ile ya Mvua. Indie, kijana mmoja wa Uskochi na gitaa lake, anaimba kama anaogopa kumwamsha mwenye nyumba. Nyimbo tamu sana, zinakata maini. Shangazi alisikiliza pande zote mbili ameshika shavu, akasema, "Huyu ale kwanza." Usiku kwenye sala nikasikia anamwombea.

Ile ya Paka. Wadada watatu wa Japani. Wanapiga punk huku wanacheka, kuna wimbo mmoja ninaamini ni kuhusu kusahau mwavuli, lakini sina ushahidi. Shangazi: "Sijui wanasema nini ila hawana baya na mtu."

Ile ya Meno. Wabrazili. Hii ni kasi tupu, ukienda kuinjika chai ukirudi upande mmoja umeisha. Shangazi: "Hawa waliambiwa studio inafungwa."

Ya nne ni ya hapa hapa. Vijana wa gereji Buguruni, bendi yao inaitwa Spana Kumi na Tatu na albamu inaitwa Bosi Hayupo. Walirekodi hukohuko gereji, nyundo unazisikia, kuna mahali mteja anauliza gari lake na wakamwacha humo humo ndani ya wimbo. Jamaa yao wa nje akawatolea santuri chache, nami nikabahatika moja. Hii shangazi hakuipa nafasi kabisa. Nikamuuliza kwa nini.

"Wale wengine siwaelewi. Hawa nawaelewa. Ndiyo tatizo."

Kwa upande wangu namba moja ilikuwa kati ya Wabrazili na vijana wa gereji, na nilikuwa sijaamua.

Ikafika Jumamosi ya wageni. Shangazi jikoni, mimi nafagia sebule. Nikaona nizilinganishe mara ya mwisho. Sasa duka la chini lina kipaza sauti kimerekodiwa, siku nzima kinasema "beseni, jagi, hotpoti, ingia ndani uchague," na huwezi kusikia kitu. Nikapandisha spika zangu mpaka mwisho. Nikaweka Bosi Hayupo upande wa pili, nikashusha sindano.

Kabla gitaa halijaanza, umeme ukakatika.

Nikaendelea kufagia. Pale pale shangazi akaita, "Lete zile sahani."

Wakuu, nilisimama na ufagio mkononi. Mimi bachela, nina sahani mbili, na moja imepasuka ukingoni. Kabla sijajibu akaja mwenyewe, akafungua kabati, akachomoa Wabrazili kwenye kava lao. Akawainua dirishani kwenye mwanga.

"Hii mbona imetoboka katikati?"

"Shangazi, hizi ni sahani za muziki."

Akaishusha. "Wakwe wako njiani, mtori wa ndizi uko jikoni, na wewe una sahani za muziki."

Nilishuka ngazi mbio hadi duka la beseni na jagi. Jamaa anauza kwa dazeni tu, nikabeba dazeni ya sahani zenye maua ya waridi, nikapanda nazo nikiziosha akilini. Wakati tunazikausha, wageni wakapiga hodi. Kwa ile purukushani sikukumbuka tena kama kuna santuri juu ya mashine, wala kama spika ziko mwisho.

Wakaingia watatu: Baba Witness, Mama Witness, na Witness mwenyewe ambaye alikuwa anakwepa macho yangu.

"Shikamoo baba."

Mzee akapita. Akaenda kukaa kiti cha dirishani, penye upepo, ambacho kiko bega kwa bega na spika kubwa.

Shangazi akaanza kazi. Akaeleza ukoo, akaeleza tabia zangu, nyingine hata mimi nilikuwa sizijui. Mzee anatikisa kichwa, ila anatikisa mahali ambapo hapatakiwi. Shangazi akisema "hatuna historia ya wizi," mzee anatikisa kukataa.

Mwishoni shangazi akamuuliza, "Sasa mzee, nyumba ya kijana wetu unaionaje?"

Mzee akafikiri, akajibu, "Ya nazi ndiyo nzuri."

Shangazi akanitazama, nikamtazama. Mimi nilijua nimepigwa fumbo la Kimasasi na sina wa kunifumbulia. Shangazi akajibu kwa heshima, "Ni kweli kabisa mzee, maneno mazito."

Mama Witness akaona aokoe hali, akaomba tusali tule. Shangazi akasimama. Mnajua sala za viongozi wa kwaya. Akawaombea wenyeji, akawaombea wageni, akafika kwa wasafiri na wagonjwa.

Umeme ukarudi.

Feni ikaanza kuzunguka, friji likakohoa, na kwenye kona ikatoka sauti nzito ya polepole, kama ng'ombe anayeamka. Ile mashine motor yake inachukua muda kushika kasi. Sauti ikapanda, ikapanda, na kabla sijaelewa ni nini, magitaa yote ya Buguruni yakaingia sebuleni kwangu.

"BOSI HAYUPO! RUDI KESHO! BOSI HAYUPO! SPEA HAKUNA!"

Glasi zilitembea mezani. Mama Witness alimwaga juisi yote kwenye kitenge. Shangazi hakuacha kusali. Alipandisha sauti ashindane na bendi, na naapa kuna mahali alikuwa anaongoza.

Mimi nikaruka kwenda kuzima, mguu ukanasa kwenye kitambaa cha meza, nikaanguka kifudifudi mbele ya baba mkwe pamoja na sahani mbili za waridi.

Nikiwa chini nikaona kiganja cha mzee kimenyooka.

"Acha."

Alikuwa ameweka mkono wa pili juu ya spika, ameinamisha kichwa. Hakuna aliyesogea. Wimbo ukaisha, maana hata hivyo ni mfupi.

"Anasema bosi hayupo," akasema.

"Ndiyo baba."

"Anasema spea hakuna." Akamgeukia mkewe. "Nimesikia maneno, Mama Witness. Wimbo mzima nimesikia maneno. Mara ya mwisho lini?"

Mama Witness akaacha kufuta juisi. Witness akaanza kulia pale kwenye kochi.

Ndipo mama akatuambia. Masikio ya mzee yaliharibikia kazini, kelele za winchi na makontena miaka yote ile. Na mzee hataki kukubali. Kanisani anafuata midomo, kwenye vikao anatikisa kichwa. Wamembembeleza aende hospitali, anasema watu wa siku hizi ndio wananong'ona. Witness alikatazwa kumwambia mtu yeyote, hata mimi.

"Lakini mama, mimi nilidhani hanitaki," nikasema. "Shikamoo zangu zote haitikii."

Mama akashika kinywa. "Mwanangu, barua yako imekwama kwa hilo hilo. Mzee anasema huyu kijana hana adabu, hajawahi kumsalimia hata mara moja."

Nikamsogelea mzee. Nikapiga magoti karibu na sikio lake, nikajaza mapafu.

"SHIKAMOO BABA!"

Akanitazama vizuri. "Marahaba," akasema. "Leo umekumbuka."

Kutoka chini barabarani, muuza jagi naye akaitikia marahaba.

Tukala. Mzee aliomba wimbo urudiwe mara tatu, na tuliongea kwa kupiga kelele mpaka jirani akaja kuuliza kama kuna msiba. Lile fumbo la nazi nalo likafumbuka: alisikia shangazi anamuuliza kuhusu ndizi, apikiwe ya nyama au ya nazi.

Majibu ya barua yalikuja wiki iliyofuata. Wamekubali. Na kilichomfurahisha Witness zaidi ya hilo ni kwamba baba yake alikwenda kupima masikio kwa miguu yake mwenyewe, bila kusukumwa. Amepewa kile kifaa kidogo cha kusaidia kusikia.

Jumamosi iliyopita akaja kwangu nacho sikioni. Akakaa kiti kile kile, akaniambia nimwekee vijana wa Buguruni, sauti ya kawaida sasa. Akasikiliza upande mzima. Nikaanza kuona uso unabadilika.

"Kumbe hawa vijana hawajui kuimba," akasema.

"Nizime, baba?"

"Nimesema hawajui kuimba. Sijasema uzime."

Kwa hiyo wakuu, msimamo rasmi wa mwaka ni huu: Spana Kumi na Tatu wa kwanza. Wabrazili wa pili, na santuri yao haijapakuliwa mtori, namshukuru Mungu. Wadada wa Japani wa tatu. Kijana wa Uskochi wa nne, ila shangazi amerudi Rombo na bado anaulizia kama ameshakula.

Nilichojifunza: mtu asipoitikia salamu yako, sogea karibu umsalimie tena kabla hujaanza kuhesabu kabila na sura. Mimi nilikaa miezi nikijenga uadui na mtu ambaye alikuwa upande wa pili akinijengea na yeye, wote kwa shikamoo moja ambayo haikufika.

Uwanja ni wenu. Leteni albamu zenu za mwaka, na kama kuna aliyewahi kuwa na mkwe wa aina hii atupe mbinu. Anayetaka kuniuliza kama kichwani niko sawa apange foleni kama kawaida.