Mashimo Mawili ya Kirushya

Nimefukuzwa sehemu nyingi. Runazi nilifukuzwa dukani, Rulenge nilifukuzwa kwenye ujenzi, na kote huko nilibeba begi langu nikaondoka nikicheka. Kirushya hawakunifukuza, na ndiko nilikotoka na hasira ambayo mpaka leo inaniamsha nikiwa nimekunja ngumi.

Shule niliacha darasa la sita. Kirushya nilikuwa napita tu, nikakuta wanawake wanapaka ukuta wa bwalo la shule kwa mikono: udongo, mavi ya ng'ombe, majivu. Juu yake waliweka michoro ya pembe kali, mieupe kwa ingwa, ule udongo mweupe wa bondeni, na mieusi kwa kitu nisichokijua. Nikakwangua ule weusi kwa ukucha. Haukutoka.

"Shikamoo mama. Huu weusi unashikaje?"

"Marahaba. Toa kwanza ukucha wako kwenye kazi ya watu," alisema mwanamke aliyekuwa juu ya ngazi. Ndiye aliyekuwa mwalimu wa shule ile na msanii aliyewakusanya wenzake. "Ni masizi na utomvu wa mnyaa. Ukishika, usijifute macho."

Nilikaa miezi mitatu.

Mwalimu alikuwa na utaratibu mmoja. Kila mchoro uliletwa na mtu kutoka kwao, na aliyeuleta ndiye aliyefundisha, hata kama hajui kusoma. Wanafunzi walikaa chini mbele ya bibi mmoja aliyewaita "vyura wangu", na mwalimu, mwenye cheti chake cha sanaa, alimshikia bibi ndoo.

Ofisi ya kata iliyotoa kibali cha michoro iliweka sharti: ukuta ukamilike kabla ya wageni waliotarajiwa Alhamisi, la sivyo upakwe rangi kama majengo mengine. Ilibaki kona moja tu, ya yule bibi. Jumatatu bibi akafariki.

Wanawake wakaweka ndoo chini. Kwao mtu akifa, jembe halishikwi ila kwa kaburi lake, mpaka matanga yaanuliwe. Nililisikia hilo nikadhani ni jembe la shamba tu.

Jumanne afisa wa ofisi hiyo akaja na gari. Alileta kitambaa kirefu cha kutundika, kimeandikwa MILA ZETU, FAHARI YETU.

"Mwalimu, hii kona vipi?"

"Tuna msiba, mheshimiwa."

"Poleni. Lakini msiba ni wa nyumba moja, ukuta ni wa kata nzima."

"Jembe halishikwi."

"Mwalimu mzima unaniletea mambo ya kizamani?"

Mama mmoja, mcheshi wa kundi letu, akamnong'oneza mwenzake kwa sauti ambayo wote tuliisikia: "Kitambaa kimesoma kuliko mwenye kitambaa."

Afisa akanivuta pembeni. "Wewe si wa hapa. Haya hayakuhusu. Wasaidie hawa akina mama."

Hakunitisha wala hakunihonga. Niliupenda ule ukuta, na sitadanganya, nilitaka pia kuwa mtu aliyeuokoa. Jumatano kulipopambazuka nikashuka bondeni na jembe, nikajaza ndoo nne, nikazipanga chini ya ile kona.

Akina mama wakapita wakipeleka kuni msibani. Mcheshi wetu akasimama.

"Nani kachimba?"

"Mimi, mama."

"Leo?"

"Leo asubuhi."

Uso wake haukuwa na mzaha hata kidogo. "Wanaume wako kule juu wanachimba la bibi. Wewe umechimba lingine huku chini. Mashimo mawili siku moja! Hilo la pili la nani? La mwanangu?"

Mwalimu alifika, akaziangalia ndoo, akaniangalia mimi. "Miezi mitatu unaniuliza mpaka utomvu wa mti. Hili ulishindwa kuniuliza?"

Afisa naye akatokea, anapiga makofi. "Safi! Udongo upo. Pakeni mmalize."

Hakuna mkono uliosogea.

"Mwalimu, nitaita mafundi wa rangi."

Mwalimu alitembea kando ya ukuta wake kutoka mwanzo hadi mwisho, bila kuugusa. "Waite," akasema. Akabeba ndoo mbili, nami nikabeba mbili, tukaurudisha udongo shimoni, tukashindilia kwa miguu. Kisha akaenda kuzika.

Mafundi walifika jioni ileile. Ningependa kuandika kwamba rangi ilibanduka, kwamba ile michoro ilichungulia. Rangi ilishika. Alhamisi wageni walikaa chini ya kitambaa, mbele ya ukuta wa rangi ya maziwa, wakasifu usafi. Afisa akahutubia juu ya vijana wanaosahau asili yao, na mimi nilikuwa nyuma ya viti, meno yameumana. Watu hawa wanataka michoro ya wazee, lakini wazee wenyewe wafe siku isiyo na wageni! Na kilichoniuma zaidi ni kwamba mtu huyo alihitaji mkono mmoja tu wa kumsaidia, na mkono huo ulikuwa wangu.

Matanga yalipoanuliwa, wanawake walichimba upya, wakaanza kupaka nyumba ya marehemu. Nami nikaenda. Mwalimu alinisalimia vizuri, akaniuliza kama nimekula, akarudi kwenye kazi yake. Ndoo zilipita mbele yangu kutoka mkono hadi mkono. Nilikaa pale mpaka jua likazama, nikingoja mtu anipe moja.